Mgongo Wangu Ulikuwa Kazi Yake

Jumapili, 4 Juni

Kiwanda cha sukari kinaanza kusaga Jumanne. Mashine ya kuvunia miwa imeshatiwa grisi na kufungwa visu vipya, na mume wangu Ennio ameizunguka kutwa nzima kama bwana harusi. Anasema huu ni msimu wake wa mwisho. Ataiuza, atavua samaki. Alisema hivyo hivyo mwaka juzi.

Leo ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo nimeangaliwa mgongo. Baada ya kahawa nimekaa kwenye stuli barazani upande wa jua la asubuhi, blauzi nimeishusha, nywele nimezishika juu. Ennio kaja na kioo chake cha kukuzia, kaanzia shingoni, akateremka pole pole mpaka kiunoni.

"Safi," kasema. "Ungekuwa gari ningekununua bila kufungua boneti."

Kila mwezi utani huo huo, na kila mwezi nacheka.

Baba yangu aliondoka kwa doa la saratani ya ngozi lililokuwa utosini, chini ya kofia, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumtazama. Lilipoonekana lilikuwa limeshafika mapafuni. Siku tuliyomzika, Ennio, ambaye ngozi yake ya Kiitaliano jua la hapa Queensland, Australia, huipaka rangi tu, alinishika bega mbele ya watu wote akasema, "Bernadette, kuanzia leo mgongo wako ni kazi yangu." Mimi ni mzao wa Waairishi, mweupe pee, madoadoa kila mahali. Kwa watu wa rangi yangu huku kwenye miwa, hayo ni maneno ya mapenzi kuliko maua. Nilimpenda upya siku ile.

Mwezi Machi nilikuwa na miadi kwa daktari wa ngozi, mafuriko yakakata barabara. Wakanipa tarehe nyingine mwezi huu. Ennio akasema, "Si mimi nakuangalia? Huna kitu. Nenda msimu ukiisha, sasa nani atawapikia wavunaji?" Nimeisogeza mpaka Desemba.

Alhamisi, 8 Juni

Mvua. Mashine imesimama, wanaume wananuna jikoni kwangu na kula kila kitu.

Jumamosi, 17 Juni

Jua limerudi. Redio yao ya mawasiliano ya shambani naiacha wazi jikoni ili nijue saa ngapi watakuja kula. Dario, mdogo wake Ennio, anaendesha trela la kubebea miwa kando ya mashine, na mwaka huu mdomo wake haufungwi. "Kushoto kidogo, kaka. Kidogo tena. Hapo hapo. Mfereji huo mbele yako, umeuona?" Kutwa nzima hivyo, kumwelekeza mtu ambaye amekata miwa ya mashamba haya tangu Dario yuko na kaptula ya shule.

Chakula cha mchana nikamwambia, "Shemeji, muache mwenzio afanye kazi. Utadhani wewe ndiye uliyemfundisha."

Dario kainamia sahani. Ennio ndiye aliyejibu. "Muache, upweke unamsumbua kwenye lile trela."

Jumapili, 2 Julai

Nimeangaliwa. Safi. Boneti. Nimecheka.

Halafu akaniomba nimsomee gazeti. Anasema miwani yake imechakaa na sauti yangu inamtuliza. Siku hizi namsomea karibu kila Jumapili, matokeo ya mechi, bei ya sukari, matangazo ya vifo, yeye kafumba macho na miguu kaiweka juu ya ukuta wa baraza. Miaka thelathini na tano ya ndoa, na mume anataka kusikia sauti yangu. Nimemwambia binti yetu Renata kwenye simu, akasema, "Inapendeza, Mama."

Jumamosi, 15 Julai

Maonyesho ya kilimo. Mji wetu mzima wa Korrawa uko uwanjani, na nusu yao wana plasta puani au sikioni kwa sababu daktari wa ngozi alipita wiki iliyopita na chupa yake ya nitrojeni ya kuchomea madoa kwa baridi. Wazee wamepanga foleni ya bia wakioneshana walivyokatwa. "Mimi kanitoa kipande cha kutosha kulisha paka," anasema mmoja. "Wewe afadhali, mimi kaniachia sikio la kuvalia miwani tu."

Kwenye meza ya keki nikakutana na Glenys Tuckwell. Mwanamke huyu aliwahi kutushitaki halmashauri kwa sababu ya mbwa wetu kubweka, na hajui kitu kinachoitwa jambo la mtu binafsi.

"Bernadette, na wewe umeshaangaliwa?" kaniuliza mbele ya watu.

"Nina mtu wangu wa kuniangalia."

"Ana cheti?"

Nimeondoka na keki yangu ya maboga. Mwanamke mchokozi yule.

Jumapili, 6 Agosti

Kuna mahali chini ya bega la kulia, pale mkanda wa sidiria unapopita, pananiwasha tangu wiki iliyopita. Nimemwambia Ennio apatazame vizuri. Kakisogeza kioo, halafu kanipapasa kwa kidole gumba.

"Mbu," kasema. "Kakuuma mbu. Usipakune."

"Una hakika?"

"Bernadette, mimi si nipo hapa naona? Mbu."

Kanipaka dawa ya mbu. Kanibusu shingoni.

Jumatano, 23 Agosti

Kiwanda kimeharibika bomba. Siku mbili hakuna kazi. Moshi hakuna, harufu ya molasi hakuna, mji umekuwa kama mgonjwa.

Jumapili, 3 Septemba

Safi. "Na mbu je?" Kapona, kasema. Lakini bado pananiwasha.

Jumanne, 12 Septemba

Leo nataka kuandika pole pole.

Bwawa la kuogelea limefunguliwa baada ya baridi, na Jumanne ni zamu ya sisi kina mama kuruka ruka majini kwa ajili ya magoti. Nimemaliza, niko chumba cha kubadilishia nguo, taulo kiunoni, nikasikia nyuma yangu, "Shoga, usigeuke."

Glenys. Nani mwingine.

"Nini tena, Glenys?"

"Hiki cha mgongoni umekionyesha nani?"

"Kipi? Ni mbu kaniuma."

"Mbu gani huyo? Huyu mbu ana miguu minne na kalala hapa muda mrefu." Halafu sauti yake ikabadilika, sijawahi kumsikia hivyo. "Sitanii, Bern. Simama hivyo hivyo nikupige picha."

Kapiga, kanipa simu. Mgongo wangu mwenyewe, mweupe kama mkate usiookwa, na chini ya bega kitu cheusi ukubwa wa zabibu kavu. Upande mmoja kimetulia, upande wa pili kimechuruzika kama wino ulioingia maji. Katikati kuna buluu. Nimekaa kwenye benchi la mbao nikiwa nimelowa na taulo langu.

"Mume wako si ndiye anayekuangalia?" Glenys kaniuliza.

"Kila mwezi."

Mwanamke anayesema kila kitu, hilo hakulisema. Kanivalisha blauzi kama mtoto, kisha akapiga simu kliniki yeye mwenyewe, akawagombeza mpaka wakapata nafasi ya mtu aliyeghairi. Ijumaa ya wiki ijayo.

Nimerudi nyumbani nikapika. Ennio kala sahani mbili. Nilimtazama akitafuna, nikawaza, huyu mtu ameliona lile doa. Haiwezekani hakuliona. Ameliona mwezi wa sita, wa saba, wa nane, akanyamaza ili nisiende kwa daktari katikati ya msimu wake. Sikumwambia kitu. Kama ningefungua mdomo ningemmwagia supu.

Alhamisi, 14 Septemba

Sijalala. Nasikiliza redio. "Kushoto kidogo, kaka." Nimezima.

Jumapili, 17 Septemba

Nilitaka Ennio ashikwe hana pa kutokea. Nikamwambia Glenys apite asubuhi wakati Ennio yuko bandani, anisaidie kupata hakika. Kachukua ndizi kwenye bakuli langu, kabandua stika yake, ile nyekundu na njano, kanibandikia mgongoni katikati kabisa, mbali na lile doa. Kaondoka kwa mlango wa nyuma. Wazo lilikuwa langu. Nilitaka Ennio aseme, "Hii stika ya nini?" halafu mimi nimwambie, "Aa, kumbe macho unayo. Na hili jeusi chini ya bega?" Nilikuwa nimeshayapanga maneno yote.

Nikamwita. "Ennio, njoo uniangalie."

"Si Jumapili ya kwanza."

"Panawasha."

Kaja na kioo chake. Nimeshika nywele juu. Nimemsikia anapumua, akianzia shingoni, akiteremka. Alipofika katikati nikafumba macho nikisubiri. Akapita. Akaenda mpaka kiunoni.

"Safi," kasema. "Ungekuwa gari..."

"Rudia katikati."

Karudia. "Safi, mke wangu. Hakuna kitu."

Niliganda pale. Nilikuwa nimejiandaa kwa mume mwongo, na huyu alikuwa mwongo wa aina nyingine. Nikageuka nikiwa kifua wazi mbele ya shamba na ndege wa Mungu, nikanyoosha vidole viwili mbele ya uso wake.

"Vingapi?"

"Bernadette, mchezo gani huu?"

"Vingapi, Ennio?"

Kageuza kichwa pembeni kama kuku anavyotazama punje. Kitendo hicho nimekiona miezi mingi nikadhani ni shingo inamuuma.

"Viwili," kasema.

"Hapo ulipogeuza kichwa. Nitazame usoni. Niambie nina uso gani."

Kaniangalia moja kwa moja, na mimi nikaona kwamba hanioni. Macho yale mazuri ya kahawia yalikuwa yanatua sikioni kwangu.

Basi kasema. Tangu kabla ya Krismasi katikati ya kila kitu pamekuwa na doa la kijivu, kama mtu kamwekea kidole gumba kwenye kioo. Pembeni anaona. Mstari wa miwa anaufuata kwa mazoea na kwa pembe ya jicho, Dario anamsaidia kwa redio. Uso wangu hauoni. Gazeti halioni. Gari siku hizi naendesha mimi kwa sababu mgongo unamuuma, nilivyoambiwa. Mwezi wa pili alipokwenda mjini Cairns kununua kipuri cha trekta hakununua kipuri. Renata alimpeleka kwa daktari wa macho.

"Renata anajua?"

"Nilimwapisha."

"Na Dario anajua."

"Dario lazima ajue, yuko kando yangu."

"Na mimi mkeo?"

"Wewe ungenishusha kwenye mashine," kasema. "Mkataba wa kuvuna mashamba yote ungekwenda kwa wengine siku hiyo hiyo. Nilitaka msimu mmoja tu, nimalize kwa heshima."

Ningeweza kulimeza hilo. Mwanaume na mashine yake, nimewajua hawa tangu utoto. Lakini nikaibandua stika mgongoni kwa tabu, nikamwekea kiganjani. Kaipapasa.

"Nini hii?"

"Stika ya ndizi. Ilikuwa katikati ya mgongo wangu. Na chini ya bega nina doa jeusi ukubwa wa zabibu, Ennio, lina buluu ndani. Wewe uliniambia mbu. Uliniambia una hakika. Ungesema tu, 'Leo sioni vizuri, nenda kwa daktari.' Maneno hayo tu! Usingehitaji kuniambia kitu kingine!"

Alilia. Sikumshika. Nilivaa blauzi yangu nikaenda kukaa kwenye gari mpaka joto likanitoa.

Jumatatu, 18 Septemba

Renata kapiga simu akilia kabla sijasema halo. "Mama, sikujua kama bado anakuangalia mgongo. Nakuapia. Nilidhani unakwenda kliniki."

"Nilikwambia namsomea gazeti. Ulisema inapendeza."

"Alisema atakwambia mwenyewe msimu ukiisha."

Kila kitu msimu ukiisha. Nimemwambia nampenda na kwamba sitaki kuzungumza naye wiki hii. Yote mawili ni kweli.

Jumatano, 20 Septemba

Ennio kaniahidi mezani, mbele ya Dario, kwamba ameshuka kwenye mashine. Dario ataendesha, mtoto wa jirani atashika trela. Kanishika mkono. "Sikufichi tena kitu, Bernadette. Nimekoma."

Nimeuacha mkono wangu pale. Ni mkono ninaoujua.

Ijumaa, 22 Septemba

Glenys ndiye aliyenipeleka. Daktari Wijeratne ni mwanamke mdogo mwenye sauti ya chini. Kaweka lenzi yake yenye taa mgongoni kwangu, kisha akaniambia anakikata chote leo, hangoji.

Akiwa anashona kaniuliza, "Nani huwa anakuangalia mgongo, mama?"

"Mume wangu."

"Na hakuona mabadiliko?"

Nilitazama ukuta. Kulikuwa na picha ya ufukwe. "Hapana," nikasema. "Hakuona." Hata hapo nikamfichia aibu yake. Glenys kwenye kiti cha pembeni alikohoa kwa nguvu mpaka daktari akamletea maji.

Ijumaa, 29 Septemba

Mawingu yamejaa upande wa milimani tangu alfajiri na wote wanakimbizana na mvua. Matokeo bado. Nikawasha redio kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nikitaka tu sauti za watu jikoni.

"Kushoto kidogo, kaka. Hapo. Twende."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasogea.

"Nguzo hiyo mbele, Ennio. Kulia. Kulia!"

Sijui nilizima jiko au sikuzima. Niliendesha gari mpaka shamba la mwisho, matone ya kwanza makubwa yakianza kupiga kioo, nikaliingiza kwenye njia ya katikati ya miwa na kulisimamisha mbele ya mashine, nikashuka. Mashine ile ina ukubwa wa nyumba. Ilinijia. Dario alikuwa anapiga honi kama kichaa, anapiga kelele redioni, na Ennio kule juu ndani ya kioo alikuwa anatazama moja kwa moja upande wangu, na ikaendelea kunijia. Nilijua hanioni. Nilijua, na bado mwili wangu ulikuwa unasubiri anione. Nikaruka kwenye mfereji.

Ilisimama nikiwa nimeshakaa matopeni, nyuzi za mgongoni zimenifungukia, damu inashuka.

Ennio kateremka akipapasa ngazi. "Nani? Dario, nani pale?"

"Mkeo," nikasema.

Nikapanda mwenyewe kwenye ile mashine, nikachomoa ufunguo, nikauweka ndani ya sidiria. Dario kasimama kwenye mvua na kofia mkononi. "Shemeji, mtoto wa jirani hakuja, na mvua ndiyo hiyo, tulisema tumalize kipande hiki tu..."

"Kipande hiki tu," nikamwambia. "Shemeji, ungenizika ukasema ni kipande hiki tu."

Nikapiga simu kiwandani kutoka jikoni, Ennio amesimama mlangoni amelowana. Nikawaambia mume wangu haoni, watafute mvunaji mwingine. Supu ilikuwa imeungua.

Jumapili, 1 Oktoba

Jumapili ya kwanza. Ennio kakaa barazani. Hakuniita.

Jumatano, 4 Oktoba

Ni melanoma, saratani ya ngozi ile mbaya. Imeingia ndani milimita mbili na kitu. Daktari kanieleza kwa kalamu kwenye karatasi. Nikamuuliza nilichokuwa nimekuja kuuliza. Je, mwezi wa tatu ingekuwaje?

Hakutaka kujibu. Nikamng'ang'ania.

"Siwezi kuapa," kasema. "Lakini kwa umbo hili, mwezi wa tatu huenda kilikuwa bado juu juu. Tungekikata, ungerudi nyumbani, tungeonana mara kwa mara tu."

Mwezi wa tatu barabara ilikatika, sina wa kumlaumu. Lakini Juni barabara ilikuwa kavu. Juni nilikuwa na tarehe. Nimekaa na neno Juni kutwa nzima.

Ijumaa, 13 Oktoba

Townsville. Wamekata tena, pakubwa, na kunitoa tezi ya kwapani kuipima. Renata kaja kulala nami hospitali. Kanichana nywele.

Alhamisi, 19 Oktoba

Wavunaji wageni wanavuna mashamba yetu. Mashine yao ni mpya na dereva wao ni kijana mwenye muziki mbaya. Ennio anakaa barazani anaisikiliza. Anajua kwa mlio tu wanakata mstari gani, ananitajia, na mimi simjibu. Naona anavyokonda. Namhurumia, halafu namchukia kwa kunifanya nimhurumie wakati mwenye bandeji ni mimi.

Jumatatu, 23 Oktoba

Glenys kaleta biskuti na umbea. Kumbe alimshitaki yule mbwa wetu kwa sababu mumewe alikuwa anakufa chumba cha mbele na hakuwa anapata usingizi. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza.

Jumatano, 1 Novemba

Tezi moja ina ugonjwa. Moja. Wanasema moja ni afadhali kuliko mbili, kama watu wanaouza samaki. Nitawekewa dawa ya mshipani mwaka mzima, Townsville, na hakuna anayeniahidi kitu.

Nimemwambia Ennio mezani. Kashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Nichukue mimi," kasema, sijui alikuwa anamwambia nani. "Bernadette, nifanye nini? Niambie kitu chochote nitafanya."

"Kitu chochote nilishakwambia. Sema kweli."

"Nitasema. Popote, mbele ya yeyote."

Jumatatu, 13 Novemba

Kiwanda kimemaliza kusaga Ijumaa. Tumekwenda Townsville kwa dawa ya kwanza. Renata kaendesha gari, Ennio kakaa mbele na kofia yake magotini, kavaa shati la harusi za watu. Njia nzima mvua inakuja na kuondoka.

Sindano ilipokwisha, muuguzi mmoja anaitwa Tamsin katuita pembeni mimi na Ennio, Renata nyuma yetu. Mchangamfu, wa umri wa Renata. Kasema mtu aliyepata melanoma moja anaweza kupata nyingine, kwa hiyo kliniki wataniangalia kila baada ya miezi mitatu, lakini katikati ya hapo nyumbani lazima kuwe na macho.

"Na macho yenyewe ni wewe, baba," kamwambia Ennio, kamtabasamia. Katandaza picha za rangi mezani, madoa mazuri upande huu, mabaya upande huu. "Hili halina neno, mviringo, rangi moja. Hili sasa, tazama ukingo wake. Unaona tofauti?"

Nilimtazama Ennio. Hakuna mashine pale. Hakuna mkataba, hakuna msimu, hakuna Dario. Kulikuwa na msichana asiyemjua, na mimi nikiwa na pamba mkononi pale sindano ilipoingia. Nilijisemea moyoni, sasa. Sema sasa, Ennio, na mimi nitaanza kutafuta njia ya kurudi kwako, Mungu wangu ni shahidi, nitaitafuta hata ikinichukua miaka.

Kainamisha kichwa juu ya picha. Kakigeuza kidogo pembeni, kama kuku. Kaweka kidole, si kwenye picha, kwenye meza kando yake.

"Naona," kasema.

Tamsin hakugundua. "Hongera! Wengi huwasumbua." Kaanza kukusanya picha. Renata kaniangalia, macho yamejaa machozi.

Nilisubiri. Nilimsubiri mpaka yule binti alipofunga bahasha na kumkabidhi, na yeye akaipokea, akasema asante.

"Mume wangu haoni," nikasema. "Nipe mimi hiyo bahasha. Yuko jirani yangu atakayeniangalia."

Ennio kasimama, mwekundu mpaka shingoni, akatafuta mlango kwa mkono, akaukosa, akaupata.

Kwenye gari hakuna aliyewasha redio. Tulipokaribia mji wa Ingham ndipo akasema, bila kugeuka, "Ungeniacha niseme mwenyewe."

"Nilikuacha."

"Nilikuwa najiandaa."

"Mimi nilikuwa nimekaa pale, Ennio. Nilikuwa nakuangalia wewe tu."

Akaufunika uso wake kwa kofia. Mimi nikaegemea dirisha kwa bega la kushoto, maana la kulia bado linauma, na Renata akaendelea kuendesha.